Jina la Kijiji Halionekani Kutoka Angani

Anayeitafuta Karavia ya Lubumbashi kwenye ramani ya OpenStreetMap hapati taabu. Ziwa lipo, uwanja wa gofu upo, hoteli kubwa iliyobeba jina hilohilo imekaa ukingoni mwa maji, na barabara ya kuifikia imeandikwa jina lake, Route du Golf. Sasa aisukume picha kwa kidole, atoke Lubumbashi, aingie vijijini mwa mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mistari inaadimika. Njia inaingia porini na kukatika ghafla. Kisha yanatokea makazi: paa thelathini au arobaini, shamba, kijito, na juu yake hakuna hata herufi moja.

Mtu wa Karavia anayetafuta njia ya kwenda sokoni, utupu huo wa ramani haumgusi. Kwa muuguzi anayepanga chanjo ya surua, unagusa kila hesabu yake. Chanjo hiyo husafiri kwenye sanduku la baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Chupa moja mara nyingi ina dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake haina ruhusa ya kukaa zaidi ya saa 6, kilichobaki hutupwa. Asiyejua kijiji kiko wapi hawezi kujua barafu itamfikisha. Asiyejua kina watoto wangapi, ama atamwaga dozi ama atawarudisha akina mama nyumbani na watoto wao bila sindano. Mwaka 2019 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wadogo. Ugonjwa huo una chanjo. Kinachokosekana mara nyingi ni kumfikia mtoto.

Kuna wakati Lubumbashi yenyewe ilikuwa na pengo kama hilo. Mji ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville, na katikati yake barabara zilipimwa kwa rula. Pembeni watu walijijengea, mtaa ukazaa mtaa, na ramani ikabaki nyuma. Kipindupindu kilipozuka, wafanyakazi wa Médecins Sans Frontières, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, walimwuliza kila mgonjwa anakotoka, wakaandika jibu, kisha hawakuwa na mahali pa kuliweka kwenye ramani. Mmoja wa watu wa shirika hilo, Ivan Gayton, alikuwa amekutana na shida hiyohiyo Haiti mwaka 2010: madaftari yamejaa majina ya mahali, na hakuna awezaye kuonyesha mahali penyewe.

Mwezi wa Novemba 2014 shirika hilo, pamoja na Msalaba Mwekundu wa Marekani, ule wa Uingereza, na kundi la wachora ramani za misaada linaloitwa Humanitarian OpenStreetMap Team, walizindua mradi wa Missing Maps. Lubumbashi ilikuwa miongoni mwa sehemu zake za kwanza. Watu wa kujitolea walikusanyika London na kompyuta zao, wakachora nyumba na barabara juu ya picha za satelaiti. Kisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakatembea mitaani na karatasi zilizochapwa michoro hiyo, wakiuliza kila mtaa na kila njia inaitwaje, na kuandika kwa kalamu.

Kazi hizo mbili mara nyingi husimuliwa kana kwamba ya kwanza ndiyo kubwa. Sivyo. Daktari John Snow alipokifuatilia kipindupindu hadi kwenye pampu ya maji ya Broad Street, London, mwaka 1854, satelaiti ilikuwa bado karne nzima mbele. Alichokuwa nacho ni orodha ya waliokufa iliyoandikwa mtaa wa kila mmoja, na mji ambao majina ya mitaa yake yalikuwa yamekwisha kuwekwa kwenye karatasi. Jina ndilo lililoiunganisha maiti na pampu. Vijijini mwa Katanga leo paa zinapatikana kwa urahisi kuliko wakati wowote uliopita. Mwaka 2021 Google ilitoa bure michoro ya majengo milioni 516 ya Afrika iliyotambuliwa na kompyuta peke yake. Kati ya majengo hayo yote, kompyuta haikuweza kusema hata moja linaitwaje na watu wanaokaa humo.

Hata hizo paa zinahitaji jicho la mwenyeji. Nyanda za Haut-Katanga zina vichuguu ambavyo mgeni haamini mpaka asimame chini yake: vilima vya mchwa vyenye kimo cha mita kadhaa, vingine vikifika 8, na upana wa nyumba nzima. Katika pori la miombo linalouzunguka mji, hekta moja inaweza kuwa na vitatu au vinne. Kutoka angani ni madoa ya mviringo, yamepangana kwa nafasi zinazokaribiana, na kila kimoja kina kivuli chake upande mmoja. Mchoraji aliyeko ng'ambo ya bahari anaviona, anafurahi kwamba amegundua kijiji, anaviandika nyumba. Makosa ya upande wa pili nayo yapo. Kibanda cha matofali ya kuchoma kilichoezekwa nyasi, kikipigwa picha mwezi wa Agosti nyasi zote zikiwa zimekauka, kinapotelea ndani ya rangi ya ardhi. Na duara jeusi linalofanana na makazi yaliyoungua ni tanuri la makala tu, yale makaa ya miti yanayopikia karibu kila chungu cha Lubumbashi.

Ndiyo maana michoro hukaguliwa na mtu wa pili. Eneo hukatwa vipande vya mraba, kila mchoraji huchukua kimoja, akimaliza hukiweka wazi kwa mkaguzi. Mkaguzi aliyewahi kupita barabara ya Kasenga au ya Likasi anatambua kichuguu kwa kutazama mara moja: hakina njia inayokwenda mlangoni. Nyumba inayokaliwa ina uwanja uliofagiliwa, wenye rangi nyeupe pichani, na ina kijia chembamba cha kwenda majini. Unyayo wa watu husema kweli kuliko paa.

Paa likishathibitika, linakuja swali la jina, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Mama anafika kituo cha afya na mtoto anayeharisha. Muuguzi anamwuliza anakotoka. "Kwa Kaponda," anajibu. Jibu ni sahihi na halitoshi. Kaponda ni cheo cha mtawala, na usultani wa Kaponda katika wilaya ya Kipushi ni nchi pana iliyo jirani na Lubumbashi, yenye vijiji vingi. Mama ametaja nchi ya mfalme wake, kama mtu wa Karavia atakavyojibu "Lubumbashi" akiulizwa huko Kinshasa. Muuguzi anaandika alichosikia. Wiki ijayo, wagonjwa kumi na wawili "wa Kaponda" wanaweza kuwa wametoka kwenye kisima kimoja au kwenye mito mitano.

Tena vijiji vingi vya sehemu hizi huitwa kwa jina la mkuu wake. Kwa Walamba na Wabemba mrithi huvaa jina la aliyemtangulia, kwa hiyo jina ladumu hata mtu akifa. Lakini kijiji chenyewe husogea. Mashamba yakichoka, watu hufuata ardhi mpya. Wakoloni wa Kibelgiji waliwahamishia watu kando ya barabara ili wahesabike na kutozwa kodi. Na baadhi ya familia zikarudi zilikotoka. Matokeo yake ni vijiji viwili vyenye jina moja kwa umbali wa kilomita chache, cha zamani na cha sasa, na orodha ya ofisi moja inafuata cha kwanza wakati orodha ya ofisi nyingine inafuata cha pili.

Tahajia nayo huongeza tabu. Mtaa wa Tshamilemba mjini Lubumbashi umeandikwa kwa tahajia ya Kifaransa. Anayeandika Kiswahili anasikia "Chamilemba", na kompyuta haijui kwamba ni pahali pamoja. Ziwa moja la mpakani ni Moero upande wa Kongo na Mweru upande wa Zambia. Herufi l na r hubadilishana vinywani. Mratibu mwenye orodha tatu za vijiji, moja ya chanjo, moja ya chakula, moja ya visima, anaweza kuamini ana vijiji mia tatu kumbe ni mia na themanini. Dawa yake si ya kitaalamu sana: kila kijiji kipewe nambari moja isiyobadilika, na chini ya nambari hiyo yaandikwe majina yote yanayotumika, pamoja na yale ambayo ofisi haiyapendi.

Kosa la tarakimu ni dogo kwa macho na kubwa kwa miguu. Lubumbashi iko karibu digrii 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta, digrii 27 na dakika 28 mashariki. Dakika ni 60 katika digrii moja, kwa hiyo kwa mfumo wa desimali ni 11.67 na 27.47. Karani aliyechoka anaandika 11.40 na 27.28, kwa kuwa ndizo tarakimu anazoziona. Ameuhamisha mji wote kilomita 30 kaskazini na kilomita 20 magharibi. Akisahau pia alama ya kutoa inayoonyesha kusini, Lubumbashi inaangukia Sudan. Kosa la Sudan hugunduliwa siku hiyohiyo, maana kila mtu analiona. Lile la kilomita 36 halionekani mezani. Hugunduliwa na dereva jioni, porini, tangi la mafuta likiwa nusu.

Halafu kuna hesabu ya watu. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984, na wengi wa wanaochanjwa leo ni wajukuu wa waliohesabiwa siku zile. Wapangaji hutumia makadirio: idadi ya paa mara watu wa nyumba moja. Tuseme kijiji kina paa 60 na nyumba moja inakadiriwa watu 5, jumla 300. Mwenyeji akipita na karatasi anaonyesha kwamba paa 20 ni majiko na ghala za mahindi. Watu wanabaki 200. Mahali pengine kosa huelekea upande wa pili, hasa kambi za wavuvi wa Luapula na za wachimbaji madini, ambako turubai moja hulaza watu wengi na kambi nzima huweza kuhama kabla picha mpya ya satelaiti haijapatikana.

Kwa hiyo anayetaka ramani ya kweli huwatafuta watu watatu. Wa kwanza ni kapita au chefu wa kijiji, mwenye majina na mipaka. Wa pili ni reko, yule mjumbe wa afya anayejitolea, anayejua nyumba ipi ina mtoto mchanga. Wa tatu husahaulika, na ni kosa kumsahau: mbeba makala. Huyu husukuma kinga, kama baiskeli inavyoitwa Katanga, ikiwa imelemewa na magunia, kutoka ndani ya miombo hadi mjini. Anajua daraja lipi la magogo husombwa mvua za Novemba zikianza, na njia ipi gari haiwezi lakini pikipiki inaweza. Barabara ambayo satelaiti inaiona pana na nyeupe mwezi wa Julai, yeye anajua kwamba mwezi wa Februari ni mto.

Ujuzi huo una upande wa hatari, na anayechora ana wajibu kwa aliyemwonyesha. Katika nchi iliyo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto, iliyopachikwa jina la pembetatu ya mauti, mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao mwaka 2013 na 2014 kwa sababu ya wanamgambo. Kuweka hadharani mahali waliokimbia walipojificha ni kuwaonyesha njia wanaowawinda. Zahanati, kisima, barabara: hivi vinafaa kuonekana na wote. Kambi ya wakimbizi wapya, makaburi, mahali pa tambiko, njia za siri za kutorokea: hivi hubaki kwenye daftari, au visiandikwe kabisa. Mwenye kijiji ndiye mwenye neno la mwisho, hata kama ruhusa yake inachelewesha kazi wiki nzima.

Muulizaji mzuri basi hafiki na orodha ya kujaza tu. Anasimama kwanza kwa chefu, anasalimu, anakaa anapoonyeshwa, anaeleza karatasi ni ya nini na nani ataiona. Ndipo anauliza kwa Kiswahili cha huko: "Papa chefu, hapa munapaita namna gani? Na zamani? Wale wa ng'ambo ya mto wanapaita namna gani?" Analitamka jina kama alivyoliandika, analirudia mpaka wazee watikise vichwa kwamba ndivyo. Halafu anawageukia akina mama: mwenzenu akishikwa na uchungu usiku, munamupeleka wapi? Kituo wanachokitaja huenda kisiwe kile ambacho ramani ya zoni ya afya imewapangia. Huenda cha kupangiwa kiko ng'ambo ya maji, na usiku hakuna wa kuvusha. Jibu lao huandikwa kama lilivyotoka, pamoja na njia ya kinga wanayopita na mahali mtumbwi unapofungwa.