Risasi Iliyotoka Katika Petroli Isirudi kwa Njia ya Betri

Huko Kigali, Nairobi na Dar es Salaam vyombo vya usafiri vinavyotumia umeme vinazidi kuonekana barabarani. Kwa afya zetu hiyo ni habari njema, kwani havitoi moshi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu.

Hata hivyo, tusisahau tulikotoka. Tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge. Risasi hiyo ilitoka na moshi na kuingia katika damu ya watoto. Nchi zetu ziliacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021.

Risasi hiyohiyo imo katika betri za kawaida za magari, za sola na za baadhi ya bajaji za umeme. Betri nzima haidhuru. Hatari huanza inapopasuliwa na kuyeyushwa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi, wakiwemo watoto wadogo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uamuzi huo ulipinduliwa, kisha Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hupunguza damu, na huweza kuharibu mimba. Mtoto huumwa tumbo, hukosa choo, hudhoofika, na akizidiwa hupata degedege. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote, ila huwa wazito wa kujifunza. Ubongo ukishaharibika, dawa haiwezi kuurudisha.

Kwa hiyo tunawashauri:

1. Msipasue betri nyumbani, wala msimwage maji yake.
2. Msiyeyushe risasi ya betri kutengeneza chubwi za kuvulia, hasa katika sufuria za jikoni.
3. Afanyaye kazi ya betri aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.
4. Betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji au mnunuzi mwenye kibali.
5. Mtoto aliyecheza na betri iliyovunjika apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi.

Tuyapokee magari ya umeme kwa furaha, lakini tuulize mapema betri zake zitazikwa wapi.