Basquiat Alichomwa na Gazeti 1985, Picha Yake Ikauzwa Bilioni 11 Baadaye: Nani Huamua Jina la Msanii?

Kama unaskiza hip hop, jina Jean-Michel Basquiat si geni kwako. Jay-Z amemtaja mara kadhaa kwa ngoma zake, na ile taji yake ya ncha tatu imechapwa kwa matisheti dunia nzima. Mei 2017, picha yake moja ya mwaka 1982 iliuzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 110.5. Ukibadilisha kwa bei ya dola ya wakati huo, hiyo ni zaidi ya bilioni 11 za Kenya. Picha hiyo hiyo, mwaka 1984, ilikuwa imeenda kwa dola 19,000 hivi.

Sasa kuna stori tisheti haikuambii. Septemba 1985, huyu msee akiwa bado hai na akiwa na miaka 24, gazeti la New York Times lilimchana kwa maneno machache tu. Maneno hayo yalimuuma, na yalisaidia kuvunja urafiki mkubwa zaidi wa maisha yake ya sanaa.

Mtu mmoja mwenye kalamu anapataje nguvu hiyo? Na hapa Kanairo, nani ameishika hiyo kalamu? Tulia, twende pole pole.

Kwanza, mhakiki ni nani?

Usimchanganye na mwandishi wa habari za kawaida. Mwandishi wa habari atakuambia maonyesho yamefunguliwa Alhamisi, balozi fulani alikuja, mvinyo ulimwagwa. Mhakiki anasimama mbele ya picha na kukuambia inafanya nini, imeweza wapi, imelegea wapi, na inasimama wapi ukiilinganisha na za waliotangulia. Halafu anaweka jina lake hapo, ili ukitaka kumbishia ujue utamtafuta nani.

Nguvu yake inatoka kwa shida moja ya sanaa: picha haina skoa. Mpira una mabao. Ngoma ina views. Picha ni moja tu duniani, na bei yake inasimama juu ya imani. Mtu akitaka kutoa laki tatu anunue turubai, kuna swali linamsumbua kimoyomoyo: na kama hii ni takataka? Hapo ndipo anatafuta mtu wa kumtoa wasiwasi.

Tena yale maneno hayaishi na gazeti la siku hiyo. Galari inayahifadhi kwenye faili ya msanii. Kyureta, yaani yule anayechagua kazi za kuingia kwa maonyesho, anayasoma kabla hajapiga simu. Mnada unayataja kwenye katalogi. Mwanafunzi anayaweka kwa tasnifu yake. Miaka 20 baadaye, msanii bado anatembea nayo kama jina la utani alilobandikwa primo.

Na hiyo ya jina la utani si mzaha. Mwaka 1874, mwandishi wa Paris anaitwa Louis Leroy alienda kuona maonyesho ya kina Claude Monet, akarudi gazetini Le Charivari akawacheka kwamba wanachora mpigo wa haraka tu wa kile jicho limeona, kitu hakijaisha. Akachukua neno kutoka kwa kichwa cha picha ya Monet, akawaita "Impressionists". Lilikuwa tusi. Wenyewe wakalibeba, na leo ndilo jina la kundi zima kwenye kila kitabu cha sanaa. Leroy mwenyewe anakumbukwa kwa hilo tu.

Mwaka mmoja, gazeti moja, pande mbili

Rudi kwa Basquiat. Alizaliwa Brooklyn 1960, baba kutoka Haiti, mama mwenye asili ya Puerto Rico. Alianza kwa kuandika kwenye kuta za New York kwa jina SAMO. Desemba 1981, mshairi Rene Ricard aliandika makala kumhusu kwenye jarida la Artforum, na wanunuzi wakaanza kumtafuta. Kumbuka huyu kijana hakuwa amepitia chuo cha sanaa. Makala moja kwenye jarida linaloheshimika ilifanya kazi ambayo vyeti havingefanya.

Februari 1985, jarida la New York Times likamweka kwenye kava. Yuko na suti, miguu peku, brashi mkononi. Stori ilikuwa kuhusu doo inayomwagika kwenye soko la sanaa, na yeye akawa sura ya hiyo doo. Kwa kijana mweusi kwenye soko lililojaa wazungu watupu, hiyo ilikuwa kubwa sana. Ilikuwa pia mtego, kwa sababu ukishakuwa sura ya pesa, watu wanaanza kuhesabu pesa na kusahau kuangalia picha.

Miezi saba baadaye akafungua maonyesho na Andy Warhol, yule mzee wa picha za mikebe ya supu, wakati huo akiwa na miaka 57 na umaarufu wa kutosha kugawa. Walikuwa wamepaka turubai pamoja, huyu juu ya huyu. Picha 16 zikaenda ukutani kwenye galari ya Tony Shafrazi.

Mhakiki wa New York Times, Vivien Raynor, alikuwa ameandika mwaka uliotangulia kwamba Basquiat ana nafasi ya kuwa mchoraji mzuri sana, bora tu asikubali kugeuzwa kikaragosi cha dunia ya sanaa, kile kidude cha kuchangamsha mashabiki uwanjani. Sasa akaandika kwamba inaonekana hilo limetokea.

Soma tena hapo. Raynor hakuwa hater. Alikuwa ameona hatari ya kweli na akaionya mapema. Lakini cheki mahali jiwe lilianguka. Neno "kikaragosi" halisemi rangi zimegongana wala mistari imelegea. Linasema huyu kijana mweusi, akisimama kando ya mzungu maarufu, ni pambo lake. Linazungumzia cheo cha mtu. Ndiyo maana liliuma kuliko mtu angesema picha ni mbaya.

Baada ya hapo urafiki wa hao wawili ulipoa. Warhol alifariki Februari 1987, Basquiat akafuata Agosti 1988 kwa heroini, akiwa na miaka 27. Singekuambia gazeti lilimuua, hiyo ingekuwa uongo. Ila miaka yake mitatu ya mwisho aliiishi na hilo neno mgongoni. Na zile picha walizopaka pamoja? Mwaka 2023 zilijaza jumba la Fondation Louis Vuitton huko Paris, watu wakilipa tikiti kuziona.

Kalamu haina neno la mwisho, lakini ina neno la sasa

Basquiat si wa kwanza. Oktoba 1970, Philip Guston, mchoraji aliyekuwa ameheshimika kwa picha zisizo na umbo, alionyesha kazi mpya New York: watu wa Ku Klux Klan kama vibonzo, sigara, viatu vikubwa. Hilton Kramer wa New York Times akamchana kwamba ni msomi anayejifanya mlevi wa mtaani. Galari yake haikumwongezea mkataba. Leo hizo picha ndizo wachoraji vijana wanaziiga zaidi kuliko zile za kwanza.

Kwa hivyo wahakiki hukosea, na wakati hurekebisha. Wachoraji wapya hurudi kuangalia, makumbusho hununua, wahakiki wengine huandika upya. Shida ni kwamba wakati hauna haraka, na msanii ana landlord. Uhakiki mbaya hauwezi kuua picha nzuri milele, lakini unaweza kukuulia mwaka mzima. Kwa msanii hai, mwaka ni rent, ni rangi, ni school fees ya mtoto.

Kanairo shida ni nyingine: kimya

Huku kwetu hakuna mchoraji analala akiogopa gazeti la kesho. Anaogopa kwamba hakuna kitu kitaandikwa.

Kwa miongo kadhaa, mtu ambaye amekuwa akizunguka galari na studio za Nairobi na daftari ni Margaretta wa Gacheru, ambaye kazi yake umeiona kwenye Business Daily. Frank Whalley naye alikuwa na safu kwenye The EastAfrican, na huyo hakuogopa kusema kazi imelegea. Ukitoa wachache kama hao, nyingi ya nafasi ya sanaa kwa magazeti yetu ni habari za ufunguzi: nani alikuja, lini, wapi.

Unajua matokeo? Angalia Sane Wadu. Alikuwa mwalimu, akaacha kazi ili achore, na watu wakamwita mwendawazimu. Akajibu kwa kujiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Manze, hiyo ni kuchukua tusi na kulivaa kama kina Monet tu. Enzi za Gallery Watatu chini ya Ruth Schaffner, kuanzia miaka ya 80, yeye na wenzake kama Jak Katarikawe walijulikana kwa lebo moja: wasanii waliojifundisha wenyewe. Lebo iliuza picha kwa watalii na mabalozi. Ila pia iliwafunga, maana ukishamwita mtu hivyo, hakuna anayeuliza amefikiria nini, kila mtu anashangaa tu kwamba ameweza.

Halafu 2021, Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, akapata maonyesho makubwa Royal Academy, London. Alipoingia hakuingia peke yake. Alitenga chumba cha kazi za wasanii sita wa Afrika Mashariki waliomtangulia: Wadu, Katarikawe, Meek Gichugu, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua na Elimo Njau. Elimo Njau ni yule wa Paa ya Paa, alikuwa akijenga sanaa ya Nairobi tangu miaka ya 60. Kuna vijana wa hapa walisoma majina hayo kwa mara ya kwanza kwenye simu, kwenye uhakiki wa magazeti ya Uingereza. Mwaka uliofuata, NCAI, taasisi aliyoianzisha Armitage hapa Nairobi, ikampa Wadu maonyesho yake ya kuangalia miaka yote ya kazi. Ni poa. Lakini faili ya mzee wetu ilibidi ipitie London ndipo sisi tuifungue.

Ujue pia kalamu ikishikwa vizuri hapa huwa inafanya kazi. Mwaka 2015, orodha ya "wasanii wa Kenya" wa kwenda Venice Biennale ilitoka, na wengi walikuwa Wachina. Wasanii wakapiga kelele, waandishi wakaishika, Michael Soi akachora picha za kuwakejeli, na stori ikazunguka dunia. Serikali ikajitenga na banda hilo. Mwaka 2017, Kenya ilienda Venice na kina Peterson Kamwathi, Paul Onditi, Richard Kimathi na Arlene Wandera.

Na Instagram je?

Utaniambia siku hizi msanii hahitaji gazeti, ana page. Ni kweli, simu inauza, na wengi wanalipa rent kwa DM. Lakini like inasema mtu amepita hapo. Haisemi kwa nini picha ya mwaka huu imezidi ya mwaka jana. Na comments za moto moto zote, zikiwa mia, hazimwambii msanii ule mkono aliochora kwa haraka unaonekana.

Tukisema ukweli pia, Nairobi ni ndogo. Mwandishi na msanii wanakunywa meza moja, kesho yake nani atamwambia mwenzake kazi imelegea? Hiyo ndiyo inafanya sifa nyingi zikae kama salamu za harusi.

Ukisoma uhakiki, jiulize hivi

1. Anaongea kuhusu picha ama kuhusu mtu? Kumbuka kikaragosi.
2. Ametoa sababu naweza kuenda kuicheki kwa macho yangu?
3. Kuna kitu anauza? Mwenye galari akisifu picha zake, hiyo ni tangazo.
4. Kuna mwingine ameandika tofauti? Ukipata sauti moja tu, usifunge kesi.

Halafu fanya kitu kimoja wikendi hii. Galari nyingi za Nairobi hazikulipishi kuingia. Circle iko Lavington, na studio za Brush Tu ziko Buruburu. Simama mbele ya picha moja dakika kumi, bila kupiga selfie. Andika mistari mitano: jina la msanii, jina la kazi, tarehe, nini imeweza, nini imekataa. Iweke mahali mtu anaweza kuipata.

Na utuambie hapo chini: ni msanii gani wa mtaa wako anafanya kazi moto na hajawahi kuandikwa hata mstari mmoja?