Siku moja ya kutembea Arua na Koboko, mzigo ukiwa bado njiani

ARUA, Uganda

Mfanyabiashara anayefika Arua huwa na mambo mawili kichwani: mzigo na mpaka. Hushuka alfajiri kwenye basi la usiku kutoka Kampala, akiwa ameuvuka Mto Nile pale Pakwach, hunywa chai haraka, hupakia na kuondoka. Mji wenyewe hauoni.

Mama mmoja wa Busia, Kenya, anayeuza ndoo na mabeseni ya plastiki, ameufanya mwendo huo kwa miaka sita. Safari hii lori lilichelewa. Dereva alimpigia simu kwamba asilitarajie kabla ya kesho. Mtaji ni mkopo wa chama, na kila usiku wa gesti ni gharama. Badala ya kujilaza akihesabu hasara, alijifunga leso akatoka kwa miguu.

Asubuhi aliizungukia sokoni bila kununua kitu. Alisikia Kilugbara, Kiswahili, Kilingala na Kinubi, wakati mwingine katika mazungumzo ya meza moja. Muuza dagaa alimfundisha kusalimu: "Mi ngoni?" Jibu ni "Muke." Kwa salamu hiyo moja alipewa kigoda na hadithi za soko. Mchana alikula enyasa, ugali mweusi wa unga wa muhogo uliochanganywa na nafaka, kwa samaki mkavu.

Kisha akapanda polepole hadi Kilima cha Arua, mji ukiwa chini yake na njia ya Vurra ikielekea Kongo. Eneo hili limebadilishiwa wenyewe mara nyingi. Hadi mwaka 1910 lilikuwa sehemu ya Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Likahamishiwa Sudan, na mwaka 1914 likawekwa Uganda, ndipo Arua ikaanzishwa kama makao ya utawala. Mpaka ulihama, watu wakabaki. Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020.

Saa nane alipanda teksi ya abiria kwenda Koboko kwa barabara ya lami iendayo hadi mpaka wa Oraba. Koboko ni mji wa Wakakwa, ambao ndugu zao wako Kongo na Sudan Kusini. Si mbali na hapo, mahali paitwapo Salia Musala, nchi hizo tatu hukutana. Mtu huvuka kwenda matangani asubuhi na kurudi jioni, akihesabu kwamba ametembelea jamaa tu.

Stendi ya Koboko ndiyo iliyomsimamisha. Aliona mabeseni kama yake, rangi ileile, yamefungwa juu ya bodaboda inayoelekea Oraba na kisha Kaya, Sudan Kusini. Kwa miaka yote sita aliamini yanaishia Arua, kwa tajiri wa jumla anayempokea. Alimwuliza bei mama aliyekuwa akipakia.

"Dada, haya madogo tunachukua kwa kukosa mengine," alijibiwa kwa Kiswahili. "Sisi tunaloweka mihogo. Tuletee makubwa."

Tofauti kati ya bei ya Arua na ya Koboko, kwa dazeni chache tu, ingelipa gesti ya wiki nzima.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imefungua mlango huo kwa maandishi. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, Kongo mwaka 2022. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Lakini cheti hakimwambii mtu beseni la ukubwa gani linatakiwa Kaya. Hilo hujulikana kwa kukaa kwenye kigoda cha mtu na kumsikiliza.

Jua lilipozama alikuwa amerudi Arua, na namba tatu za simu ndani ya daftari la madeni. Akampigia dereva.

"Ukifika, shusha nusu tu," alimwambia. "Nusu iliyobaki tunakwenda nayo Koboko."