Umelipia Sola na Taa Bado Haijawaka? Soma Hii Kabla Hujalipa Tena

Giza limeingia Masinga. Umelipia sola, meseji ya kuthibitisha imefika, lakini taa bado. Wengi hapo hulipa mara ya pili wakidhani pesa imepotea. Subiri kidogo. Huenda pesa imefika salama, ila kifaa chenyewe bado hakijapata habari.

Safari ni mbili

Ya kwanza ni ya pesa, kutoka kwa simu yako hadi akaunti ya kampuni ya sola. Ya pili ni ya amri, kutoka kwa kompyuta ya kampuni hadi kisanduku kilicho nyumbani kwako. Meseji ya malipo inakuhakikishia safari ya kwanza tu.

M-KOPA, iliyoanza kuuza sola za kulipia polepole Kenya mwaka wa 2012, iliweka laini ya simu ndani ya kisanduku. Ukilipa kwa M-Pesa, amri hupitia mtandao wa simu. Kampuni nyingine hukutumia nambari kwa SMS, unazibonyeza mwenyewe, sawa na tokeni ya stima yenye tarakimu 20. Hapo kifaa hakihitaji netiwaki, maana nambari ndiyo imebeba ujumbe.

Kwa nini kifaa hulala?

Redio hula betri. Redio ya 2G inaweza kutuma kwa nguvu ya hadi wati 2, hata kama ni kwa vipindi vifupi sana. Ikikaa macho mchana kutwa, itamaliza umeme uleule ulioununua ili uwashe taa. Ndiyo maana vifaa vingi vya betri hulala, huamka kidogo, huuliza kama kuna ujumbe, kisha hulala tena. Na ukiwa mbali na mnara, au bondeni nyuma ya vilima kama vya Mua na Iveti, redio hulazimika kupaza sauti, na betri huisha upesi.

Siku hizi kuna mitandao iliyoundwa kwa vifaa vidogo. Redio ya LoRa hutuma kwa takriban miliwati 25, yaani sehemu moja kati ya 80 ya zile wati 2, na bado hufika kilomita kadhaa. Sigfox hubeba baiti 12 tu kwa ujumbe mmoja. Hazifai kwa simu wala video, lakini "washa kwa siku moja" ni ujumbe mfupi sana.

Taa isipowaka, fanya hivi

1. Soma tena nambari ya akaunti kwenye meseji. Ukikosea tarakimu moja, huenda umemlipia mtu mwingine. Ripoti mara moja.
2. Sogeza kisanduku karibu na dirisha. Mabati huzuia mawimbi.
3. Kama betri imeisha kabisa, redio haiwezi kuamka. Hakikisha paneli inapata jua kwanza.
4. Bado? Pigia kampuni ya sola ukiwa na kodi ya muamala. Usilipe tena.
5. Lipa mchana, kabla siku zako hazijaisha. Ukipata shida, utakuwa na muda wa kuitatua kabla ya giza.

Na kumbuka: hakuna sola, mita wala jiko la gesi linalohitaji PIN yako ili liwashwe. Akikupigia mtu akidai anaitaka "akuwashie taa", kata simu. Huyo ni mwizi.