Athari za Mambo ya Kijamii na Kiutamaduni kwa Kampuni ya Coca-Cola: Mifano ya Atlanta na Chiapas

Katika mijadala ya biashara za kimataifa, utamaduni huelezwa mara nyingi kama kizingiti. Kampuni huingia katika nchi ngeni, hukutana na miiko, lugha na ladha isizozizoea, kisha ama hujirekebisha ama hushindwa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaegemea upande mmoja. Makala haya yanahoji kuwa kwa kampuni ya vinywaji, kupokewa na jamii kunaweza kuwa na gharama kubwa kuliko kukataliwa, kwa sababu jamii iliyokifanya kinywaji kuwa chake hudai kauli juu yake. Mfano unaotumika ni Coca-Cola, kinywaji kilichobuniwa na mfamasia John Pemberton mjini Atlanta, Marekani, mwaka 1886.

Tuanze na kizingiti chenyewe, kwani hata hapo mambo si mepesi kama yanavyodhaniwa. Katika miaka ya 1930, Wayahudi wengi wa Marekani walitaka kujua iwapo soda hiyo iliruhusiwa na sheria za dini yao. Swali lilimfikia Rabi Tobias Geffen wa Atlanta. Kampuni ilimwonyesha orodha ya viambato vyake kwa sharti la kutunza siri, naye akabaini kwamba gliserini iliyotumika ilitokana na mafuta ya wanyama. Kiasi chake kilikuwa kidogo mno, na sheria ya Kiyahudi husamehe kitu kilichokatazwa kikichanganyika kwa bahati mbaya na kingine kinachokizidi mara sitini. Hata hivyo, gliserini hiyo haikuingia kwa bahati mbaya. Ilitiwa kwa makusudi, hivyo msamaha haukuhusika. Palikuwapo pia kiambato chenye asili ya nafaka, jambo lisiloruhusiwa wakati wa Pasaka ya Kiyahudi. Kampuni ilibadili vyote viwili, na mwaka 1935 Geffen akatoa fatwa ya kuruhusu. Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba waumini hawakubadili imani ili wanywe soda. Fomula iliyolindwa kwa siri kubwa ndiyo iliyobadilika. Viwanda vya Marekani vilipohamia kwenye sukari ya mahindi katika miaka ya 1980, suala la Pasaka lilirudi upya, na hadi leo hutengenezwa huko chupa maalumu zenye vifuniko vya manjano kwa ajili ya msimu huo.

Sehemu ya pili ya hoja inaonekana katika tukio la mwaka 1985. Kampuni ilijaribu ladha mpya kwa watu wapatao 200,000, na wengi waliipenda kuliko ile ya zamani. Tarehe 23 Aprili ladha ya zamani ikaondolewa sokoni. Malalamiko yalimiminika kwa simu na barua, na tarehe 11 Julai, baada ya siku 79, uongozi ulitangaza kuirejesha. Majaribio hayo yalipima ulimi wa mnywaji, ilhali kilichoguswa kilikuwa kumbukumbu yake: utoto, mchezo wa besiboli, jokofu la dukani. Kisheria fomula ni mali ya kampuni, lakini wanunuzi walizungumza kama wenye mali walioporwa.

Mfano mzito zaidi umo katika nyanda za juu za Chiapas, kusini mwa Meksiko. Katika mji wa San Juan Chamula, wenye wakazi wa jamii ya Watzotzil, kanisa la Mtakatifu Yohana halina viti. Sakafu hutandazwa majani ya msonobari, mishumaa huwashwa chini, na waganga huwaombea wagonjwa wakiwa na mayai, kuku, pombe ya kienyeji iitwayo pox, na chupa za soda. Mgonjwa akinywa soda na kubeua, huaminika kwamba uovu uliomkalia unatoka. Kwa kiasi fulani, soda ilichukua nafasi ya pox kwa sababu watu walichoshwa na madhara ya ulevi. Kwa mtazamo huo, soda ilikuwa nafuu ya kijamii kabla ya kuwa tatizo. Aidha, biashara ya soda ilishikwa na viongozi wa mji, waliokuwa pia na mamlaka katika shughuli za ibada. Kwa hiyo kuinunua kulikuwa sehemu ya utii. Ni kosa, kwa maoni yangu, kuyaeleza haya yote kwa neno “matangazo”. Hakuna tangazo lililobuni maana ya kubeua.

Hata hivyo, kampuni haikukaa pembeni. Kwa kawaida Coca-Cola hutengeneza kiini cha kinywaji, na kampuni za nchini huongeza maji na sukari na kujaza chupa. Mjini San Cristóbal de las Casas, jirani na Chamula, kiwanda cha FEMSA kina kibali cha kuvuta maji ya ardhini yanayozidi lita 1,000,000 kwa siku, huku baadhi ya wakazi wakikosa maji ya kuaminika mabombani. Soda inayopatikana kila duka hushindana kwa urahisi na maji yasiyopatikana. Wakati huohuo kisukari kimeenea nchini kiasi kwamba mwaka 2016 serikali ilikitangaza kuwa dharura ya afya ya umma. Ndipo mapokezi yale yalipogeuka kuwa mashtaka: wakazi wameandamana mbele ya kiwanda wakidai kifungwe, na kinywaji kilichoingia madhabahuni kikawa kielelezo cha kiu na maradhi.

Serikali ilijibu kwa njia mbili. Mnamo Januari 2014 ilianza kutozwa kodi, wakati huo ya peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari iliyoongezwa, na tangu Oktoba 2020 chupa hubandikwa alama nyeusi za pembe nane zinazoonya kuhusu sukari nyingi. Hatua hizo zinamlenga mnunuzi anayechagua kinywaji cha kukata kiu. Kwa mganga wa Chamula anayehitaji gesi iliyomo chupani, kodi hupandisha bei ya sadaka, na onyo la sukari halihusiani na sababu iliyomfanya ainunue soda hiyo. Mgonjwa aliyepiga magoti mbele yake huenda ndiye mwenye kisukari, na dawa anayopewa ni chupa ileile.