Uandishi wa lugha ya pili Lubumbashi: kazi ya msomi anayesoma makosa

Utafiti wa uandishi wa lugha ya pili huchunguza namna mtu anavyoandika kwa lugha ambayo hakuanza nayo nyumbani. Kama taaluma ya chuo kikuu bado ni changa: jarida lake kuu lilianzishwa mwaka 1992 na Ilona Leki na Tony Silva, wote wa Marekani, na sehemu kubwa ya kazi zake imehusu wanafunzi wanaoandika insha za Kiingereza. Lubumbashi, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtazamo huo wa lugha ya pili hautoshi. Mtoto hukua na Kiswahili cha mji, pengine pamoja na Kiluba au Kibemba cha wazee wake, halafu shuleni anakutana na Kifaransa. Akiingia idara ya Kiingereza, kazi yake ya kumaliza masomo ataiandika kwa lugha ya tatu au ya nne.

Mji huu una historia ya kusoma lugha: mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya fasihi na lugha yakakusanywa Lubumbashi. Kikaundwa pia kituo cha isimu, CELTA. Mwanafalsafa na mwandishi V. Y. Mudimbe alifundisha hapo, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian pia, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hata hivyo, maandishi yaliyoufundisha ulimwengu wa wataalamu hayakutoka darasani. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa macho ya maboyi, yaani watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Kiswahili chenyewe kwa wengi wa kizazi hicho kilikuwa lugha ya kazini. Maneno ya Yav yamegawanywa kwa namna yake na vituo ni haba, hata mtu akiyatazama kwa jicho tu hupotea. Fabian alipoyatayarisha kuchapishwa mwaka 1990, Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti, na hapo sentensi zikajitokeza. Mwandishi alikuwa ameandika kwa sikio.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyemchorea Fabian historia ya nchi katika picha takriban 100, aliiandika pia kwa mkono, kwa Kifaransa. Mwanaisimu Jan Blommaert aliichambua kazi hiyo ya mkono katika kitabu cha mwaka 2008. Anaonyesha kwamba Tshibumba alilenga umbo la kitabu cha historia bila kuwa na maktaba wala nyaraka. Tahajia inayumba, lakini mpango wa kazi hauyumbi.

Ujuzi huo wa kusoma kwa sikio na kuona mpango nyuma ya tahajia ndio unaomfaa anayeanza kazi ya kufundisha uandishi chuoni. Ngazi ya vyeo ni ya Kibelgiji: asistanti, shefu de travo (chef de travaux), na baada ya udaktari profesa. Asistanti ndiye anayebeba mzigo wa kusahihisha, mara nyingi kwa makundi makubwa, na kalamu nyekundu ni rahisi kuliko kuuliza kosa limetoka wapi. Kosa la kusikia, kosa la kufuata muundo wa Kiswahili na kosa la kutojua umbo la insha yanahitaji mafunzo tofauti; la mwisho ndilo zito, kwa sababu sarufi hailigusi.

Ili kupanda ngazi lazima kuchapisha. Majarida makubwa ya taaluma hii hupokea makala za Kiingereza, kwa hiyo mtafiti wa Lubumbashi huandika kuhusu tatizo akiwa ndani yake.