Simu ya koperative si ya mutu mmoja: tulinde hesabu za kahawa

Leo koperative nyingi za kahawa za Kivu zinabeba mali yao ndani ya simu moja. Ndani yake muko liste ya wanamemba, kilo za kila mutu, namba za wanunuzi, na feza ya M-Pesa ao Airtel Money. Depo iko na kufuli na mulinzi. Lakini simu inalala ndani ya mufuko wa gerenti.

Ile simu ikiibiwa ao ikianguka ndani ya ziwa, tunapoteza nini? Simu tutanunua ingine. Kilo hazinunuliwe. Mwanamemba akileta kahawa nyekundu anapata malipo ya kwanza. Ristorne inakuja kisha kahawa kuuzwa, kufatana na kilo zake. Kama hesabu imepotea, kila mutu atakuja na hesabu ya kichwa chake, na ugomvi utaanzia pale.

Kuna pia sheria. Sheria ya OHADA ya 2010 juu ya koperative, ambayo inatumika kwetu Congo tangu 2012, inaomba regista ya wanamemba itunzwe kwenye makao ya koperative. Tena Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2023 juu ya kulinda misitu, unataka kujua kahawa ilitoka shamba gani. Kwa shamba lisilopita hektari 4, pointi moja ya GPS inatosha. Lakini pointi za mashamba mia tatu zikipotea, ni kupanda milima upya, shamba kwa shamba.

Basi tufanye hivi:

1. Kaye kwanza. Siku ya kupima, andika kilo na bic ndani ya kaye, mbele ya mwenye kahawa, naye arudi na karatasi yake. Kisha ndipo uingize ndani ya simu.

2. Kopi mbili. Kila juma, weka kopi kwenye flashi, na flashi ikae nyumba ingine, si ndani ya biro ile ile. Kila mwezi ifungue kwenye ordinatere. Kopi isiyofunguka si kopi.

3. Kadi SIM. Mukiweza, iandikishwe kwa jina la koperative. Kama iko kwa jina la gerenti, siku akiondoka anaweza kuomba SIM ingine ya namba ile ile, na feza iliyo ndani inamufata.

4. Namba ya siri. Usimwambie mutu yeyote, hata anayepiga simu akisema yeye ni wa kompani. Kwenye WhatsApp, washa « Vérification en deux étapes », na kode ya tarakimu 6 inayokuja kwa mesaji usimutumie mutu.

5. Simu ikiibiwa. Leo bonyeza *#06#, andika ile namba ndani ya kaye. Simu ikipotea, pigia kompani saa ile ile kwa simu ingine, wafunge SIM.

6. Gerenti akibadilika. Komite ifanye PV: simu, SIM, flashi, kaye. Namba zote za siri zibadilishwe siku ile ile.

Kwenye mkutano unaokuja, mwanamemba yeyote aulize komite: simu ikipotea leo usiku, kesho asubui tutaweza kulipa kila mutu kilo zake? Kama jibu ni hapana, muanze na kaye, mbele mavuno hayajaanza.